Kazi Imeisha, Karatasi Iko Wapi?

Mazungumzo na wanavikundi wa Meru na Embu

Hatukuja kama wataalamu. Tumekuja kuwaambia vile tulivyokaribia kupoteza shilingi 31,000 kwa kukosa karatasi moja.

Sisi ni kikundi cha kufuma sweta. Oda yetu kubwa ya kwanza ilikuwa sweta 60 za shule, kila moja shilingi 850, jumla 51,000. Mwalimu mkuu alitupa 20,000 za uzi, akasema zingine tutapata tukimaliza. Tukafuma usiku na mchana, tukapeleka, tukarudi nyumbani tukifurahi. Hatukuandika kitu. Mtu unayemjua utamwandikiaje?

Muhula uliofuata mwalimu huyo akahamishwa. Aliyekuja alitupokea vizuri, hata chai tukanywa, lakini akauliza: "Ankara yenu iko wapi? Nani alipokea hizo sweta, na zilikuwa ngapi?" Tukaangaliana. Watoto wako pale uwanjani wamevaa sweta zetu, na sisi hatuna la kuonyesha! Hakuwa mtu mbaya. Pesa za shule hazitoki bila karatasi, kwa maana mkaguzi akija atamwuliza yeye. Tulilipwa baada ya miezi saba, yule wa kwanza alipoandika barua. Wakati huo mwenye duka la uzi alikuwa ametuandama, tukamlipa na pesa za chama. Mama mmoja aliyekuwa akingojea zamu yake alipe karo alikosa, na mtoto akakaa nyumbani wiki tatu.

Na sisi ni watu wa majani chai na kahawa! Hakuna mtu hapa anayeacha majani kwenye kituo bila kuona kilo zikiandikwa. Kahawa ikipungua kilo moja kwenye karatasi, unapiga kelele mpaka jioni. Lakini fundi wetu anajenga jikoni ya watu, anaondoka na neno la mdomo.

Siku hizi tuna kitabu cha nakala na karatasi ya kaboni. Kazi ikikamilika tunaandika siku hiyo hiyo. Juu ni jina la kikundi, simu, tarehe na namba ya ankara. Halafu anayedaiwa: tunaandika shule au ofisi, si jina la mwalimu peke yake, maana mtu huhamishwa. Kisha kazi yenyewe: "Sweta 60 za kijani kwa sh. 850 = 51,000. Zimelipwa 20,000. Zimebaki 31,000." Chini tunaandika siku ya mwisho ya kulipa na namba ya M-Pesa ya kikundi, si ya mweka hazina. Aliyepokea anatia sahihi kwenye nakala yetu, na hiyo nakala haitoki kwenye kitabu.

Tena msichanganye ankara na risiti. Ankara inaomba pesa. Risiti inasema zimefika. Mwenzetu mmoja wa kuchomelea vyuma aliandika risiti akidhani anadai, na ofisi ikaiweka kwenye faili ya waliokwisha kulipwa.

Kuna na hii ya kodi. Kijana mmoja aliongeza asilimia 16 ya VAT kwa sababu aliiona kwenye risiti ya supamaketi. Usiongeze kama hujasajiliwa kwa VAT. Wanaolazimika kujisajili ni wale wanaouza vitu vya kutozwa kodi hiyo kwa shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Lakini tangu Januari 2024, kampuni nyingi zinataka ankara ya eTIMS ya KRA, kwa maana bila hiyo ni vigumu kuhesabiwa gharama yao. Basi muulize mteja kabla hujaanza kazi, si siku ya kulipwa.

Lililo gumu kabisa ni jirani, na kanisa pia, tuseme ukweli. Ukitengeneza viti vya kanisa, watu wanadhani ni sadaka, na wewe unaona haya kusema. Sisi tunaandika bei kamili. Kama tumeamua kutoa, tunaandika chini yake kiasi tulichotoa. Hapo kila mtu anajua ni gani ya kulipwa na ni gani tumetoa kwa moyo. Tangu tuanze hivyo hakuna aliyenuna, isipokuwa mzee mmoja, na yeye alilipa.

Siku ya kulipa ikipita, tunatuma watu wawili na nakala. Hawaendi kugombana. Wanauliza, "Tarehe tuliyoandika imepita, tuje lini?" na jibu linaandikwa nyuma ya nakala pamoja na tarehe.

Kitabu chetu kiko hapa mezani. Baada ya chai, kila kikundi kitaje kazi moja ambayo bado hakijalipwa, tuiandikie ankara kabla hamjaondoka.