Bunduki Zimenyamaza, Imani Haijarudi



Usalama haupimwi kwa ukimya wa bunduki pekee. Tazameni Mlima Elgon. Ugomvi wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, lililoua mamia ya raia na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Mei mwaka huo kiongozi wa waasi, Wycliffe Matakwei, aliuawa, na kundi likasambaratika. Lakini wanaume kwa vijana walikuwa wamekusanywa hadi kambi ya Kapkota. Wengi waliteswa, wengine hawakurudi.

Hapo ndipo imani ilipovunjika. Kesi iliyofunguliwa kwa ajili yao katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitupwa katika rufani mwaka 2012 kwa kuwa muda ulikuwa umepita, wala si kwa kuwa hapakuwa na kosa. Sheria yetu ya Ushahidi nayo humhesabu mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka 7. Katika miaka hiyo mjane asiye na kaburi hana pia cheti cha kifo, na bila cheti hawezi kurithi shamba. Naye alifiwa katika vita vya mashamba!

Basi kipimo chetu na kiwe hiki: je, mama huyo aweza kuingia kituo cha polisi, aulize mumewe yuko wapi, ajibiwe bila kutishwa? Mpaka siku hiyo, ndugu zangu, tusiuite woga amani.