Rudisheni Breki ya Mbele

Msikilizaji, baiskeli nyingi zinazobeba mkaa, ndizi na madumu ya maji hazina breki ya mbele. Haikukatika. Imefunguliwa kwa makusudi, kwa hofu kwamba itampindua mwendeshaji. Hofu hiyo naielewa, lakini inatuponza. Ukishika breki, uzito husogea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuanza kuserereka, la mbele ndilo linaloshika ardhi. Kinachompindua mtu ni kuibana ghafla. Tangulia na ya nyuma, rudisha mwili nyuma, kisha bana ya mbele polepole.

Tazama barabara ya Bugarama kushuka Bujumbura, kule Burundi. Vijana hushusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, kona baada ya kona. Uzito wote, wa mtu, baiskeli na mzigo, ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki nayo huongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi hiyo ni mara nne! Na kazi yote hiyo inabebwa na vipande vya raba visivyozidi kidole.

Basi leo jioni chukua spana. Kwa hizi baiskeli zetu za breki za fito, angalia raba mbili zinazokaa upande wa ndani wa ringi. Iliyoisha mpaka chuma kinaonekana, badilisha; chuma kwa chuma kinakula ringi. Iliyokuwa ngumu na kung'aa, isugue kwa msasa mpaka mng'ao utoke. Legeza nati inayobana fito, sogeza raba, acha nafasi ya milimita 2 au 3, kaza. Hendeli isifike kwenye usukani hata ukiibana kwa nguvu zako zote. Ringi ikiwa imepinda hakuna kipimo kitakachokaa, anza na spoki. Wako wanaokata raba kwenye kandambili. Hiyo ni laini mno, haifai kabisa.

Ringi ioshwe kwa sabuni, na mafuta ya mnyororo yasiiguse. Mvua ikinyesha, ringi ya chuma huteleza, kwa hiyo gusagusa breki mapema ili maji yafutike.

Halafu jaribu breki baiskeli ikiwa imepakiwa, ukiikokota kwenye mteremko mfupi. Kusimamisha baiskeli tupu uani si jaribio. Na fundi akikwambia ya mbele haina kazi, mwambie aifunge hivyo hivyo, wala usiondoke mpaka ishike.