Motakaa Isiyowaka: Ugonjwa Hutafutwa Kabla ya Dawa

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mbele ya mkutano wa chama)



Wengi mmeniuliza jinsi motakaa yangu, Morris Minor ya mwaka 1962, inavyokwenda hata leo. Mimi ni karani, si fundi. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu nililojifunza kwa aibu: motakaa ikikataa kuwaka, sharti ugonjwa utafutwe kwanza, ndipo itolewe dawa.

Motakaa za namna hii zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, nazo ni kazi ya Bwana Alec Issigonis. Injini yake haina siri nyingi. Maadamu ni nzima, yataka mambo mawili: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri, na cheche kwa wakati wake. La kwanza huletwa na kabureta. La pili huletwa na betri, koili, platini, kondensa, distribyuta na plagi.

Siku moja nilikuwa safarini katika jua kali, injini ikazimika ghafula baada ya mwendo wa nusu saa. Nilingoja ikapoa, ikawaka. Nikaenda kidogo, ikazimika tena. Mara nikahukumu moyoni kwamba petroli ina maji. Nikarudi kwa muuzaji, nikamshutumu mbele ya watu. Kisha nikafungua kabureta, nikaisafisha yote, nisione hata tone la maji. Kesho yake ikazimika vile vile.

Fundi mmoja mzee akaitwa. Hakugusa kabureta. Alingoja hata injini ikazimika, akachomoa waya wa plagi, akaushika kwa kitambaa kikavu, akaukaribisha na chuma cha injini, akaniambia nizungushe stata. Hapakuwa na cheche. Alipofungua distribyuta, platini zilikuwa zimeungua, na zilipoachana palitoka moto mwingi wa manjano. Akasema, "Ni kondensa, mwanangu. Ikipata joto hufa, ikipoa hufufuka." Akatia nyingine, ugonjwa ukaisha. Nami nikaenda kumwomba radhi muuzaji wa petroli. Alinisamehe, lakini wale waliosikia nikimshutumu hawakuwapo wote kusikia nikiomba radhi.

Basi sikieni utaratibu wenyewe.

Kwanza, cheche. Ijaribuni kama alivyofanya mzee yule, mwanya wa waya na chuma ukiwa kama milimita 6, wala msijaribu penye petroli iliyomwagika. Cheche njema ni ya samawati, tena ina mlio. Isipokuwapo, rudini nyuma hatua moja moja. Jaribuni waya mnene utokao katika koili. Ikiwa hapo pana cheche na kwenye plagi hakuna, tazameni rota na kifuniko cha distribyuta, kwani ufa mdogo au unyevu hupoteza cheche. Ikiwa hata hapo hakuna, safisheni platini, mpime mwanya wake, ambao katika motakaa hii ni inchi 0.015. Baada ya hayo ndipo mshuku nyaya, kondensa na koili.

Pili, petroli. Washeni swichi, msikilize pampu ya umeme: hugonga, kisha hunyamaza bakuli la kabureta likijaa. Isipogonga kabisa na bakuli ni tupu, umeme hauifikii au platini zake ni chafu. Ikigonga bila kukoma, huenda tangi ni tupu, au inavuta hewa. Petroli ikifurika katika kabureta, huenda taka zimeizuia sindano ya boya isifunge, au boya limetoboka. Tena inueni pistoni ya kabureta, mwiachie: yapasa ianguke kwa mlio wa chuma. Ikisita, isafishwe. Mafuta mepesi yaliyo juu yake yakikosekana, injini husita mkanyagapo mwendo.

Tatu, mchanganyiko; lakini msiguse nati yake kabla platini na wakati wa cheche havijawa sawa. Injini ikiwa moto, inueni pistoni pungufu ya milimita moja. Mwendo ukizidi na kudumu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzimika, petroli ni haba. Mwendo ukizidi kidogo kisha ukarudi, ni kadiri. Plagi nazo ni mashahidi: masizi meusi ni dalili ya petroli nyingi, weupe ni dalili ya petroli haba, na rangi ya hudhurungi ni dalili ya afya.

Ndugu zangu, haya si mageni kwetu. Karani mwema haandiki jibu kabla ya kusoma faili tangu karatasi ya kwanza. Fanyeni vivyo hivyo penye injini: badilini kitu kimoja, mjaribu, mwandike katika daftari. Abadilishaye vitu vitatu kwa mara moja, hata motakaa ikiwaka, hajui ni kipi kilichoiponya. Na ikizimika tena, ataanza upya kwa fedha nyingine. Mshahara wetu tunaujua.

Bwana Mwenyekiti, kondensa ile ilikuwa ndogo kuliko kidole changu, na bei yake haikunisumbua. Iliyoniuma ni bei ya maneno yangu.