Kwa Nini Wengine Hukoroma?



Juzi baada ya somo mama mmoja alituuliza: "Mwalimu, mbona baba watoto akilala anakoroma mpaka nyumba nzima inaamka, lakini mdogo wake hakoromi?" Darasa likacheka. Wengine wakasema ni shibe, wengine ni uchovu. Mama yule hakucheka. Akasema, "Kelele nimezizoea. Kinachonitisha ni pale anaponyamaza ghafla, kama hapumui." Kicheko kikaisha. Basi leo tuzungumze habari hiyo.

Tukiwa macho, misuli ya koo hukaza na njia ya hewa huwa wazi. Tukilala, misuli hulegea na njia hupungua upana. Mnaujua mto: maji yakipita mahali papana hunyamaza, yakibanwa na mawe huvuma. Hewa nayo ikibanwa hutikisa nyama laini za kooni, pamoja na kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mtikisiko huo ndio mkoromo.

Mbona si wote? Kwa sababu makoo hayafanani. Wengine wamezaliwa na njia nyembamba. Mafuta mengi shingoni huibana. Wanaume hukoroma zaidi kuliko wanawake, na umri ukizidi misuli hulegea zaidi. Mafua huziba pua. Mtoto anayekoroma kila siku huenda ana mafindofindo makubwa. Pombe nayo hulegeza koo; ndiyo maana mtu asiyekoroma hukoroma siku akitoka kilabuni. Na ukilala chali, ulimi hurudi nyuma.

Kwa hiyo kukoroma si tabia mbaya. Kwa wengi ni kelele tu. Lakini kwa wengine koo huziba kabisa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hurudia hivyo mara nyingi usiku kucha, na mwenyewe hajui. Asubuhi kichwa kinamuuma. Mchana anasinzia mkutanoni, au akiwa juu ya pikipiki. Tusimwite mvivu. Huo ni ugonjwa, tena huandamana na shinikizo la damu.

Tufanye nini? Tulale ubavu. Wengine hushona mfuko mgongoni mwa shati na kutia mpira mdogo, ili wasiweze kulala chali. Tuache pombe na sigara. Mnene apunguze unene. Na anayekatika pumzi aende hospitali. Matibabu yapo: mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Australia alionyesha kwamba hewa ikisukumwa puani kwa mashine, koo halizibi.

Mganga atauliza, na mgonjwa hana jibu, maana alikuwa amelala. Shahidi ni wewe uliye karibu naye. Ninyi sasa mnajua kuandika. Chukua daftari, andika tarehe, andika alinyamaza mara ngapi, kisha mfuatane.

Tulipomwambia hivyo mama yule, alijibu: "Atakubali? Yeye anasema mimi ndiye ninayekoroma!" Tukacheka tena. Lakini tuliona anatafuta kalamu.

Usiku wa leo, mtu wa nyumbani mwako akikoroma, usimcheke. Msikilize, hasa akinyamaza.