Bahari ya Kioo



Katika kitabu cha Ufunuo, Yohana anaona mbele ya kiti cha enzi kitu kilicho mfano wa bahari ya kioo. Na katika sura ya kumi na tano anaiona tena, safari hii ikiwa imechanganyika na moto. Ni vigumu kuliwaza jambo hilo, kwani maji huzima moto, na kioo hakitembei kama wimbi. Lakini wapo mafundi ambao kwao bahari, kioo na moto ndiyo kazi ya kila siku, nasi leo tungependa kumtazama mmoja wao.

Dale Chihuly alizaliwa mwaka 1941 huko Tacoma, Marekani, mji ulio kando ya mkono wa bahari. Alijifunza kupuliza kioo, na mwaka 1968 akaenda Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venice, akaona kwamba huko kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja bali na kikundi. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari nchini Uingereza. Alirushwa kupitia kioo cha mbele, vipande vyake vikamkata uso na kumpofusha jicho la kushoto. Alirudi kazini. Mwaka 1979, akicheza na mawimbi baharini, aliteguka bega, na tangu hapo hakuweza tena kuushika mrija wa chuma wenye donge zito la kioo kilichoyeyuka.

Kioo kilikuwa kimemwondolea jicho, na maji yamemwondolea bega. Mwaka uliofuata, 1980, alianza mfululizo wa vyombo viitwavyo Seaforms, yaani maumbo ya bahari.

Kuta za vyombo hivyo ni nyembamba, na kingo zake hujikunja na kujikunjua kama wimbi dogo linapoufikia mchanga na kusita. Chombo kidogo hulala ndani ya kikubwa. Donge hupulizwa kwanza ndani ya kalibu yenye mifuo, ili kioo chembamba kipate mbavu za kukitegemeza, kama zile za kombe la pwani. Kisha huzungushwa kikiwa bado laini kama asali, na mzunguko ule pamoja na uzito wa kioo chenyewe ndivyo vinavyokunja ukingo. Mwendo tunaouona haukuchorwa. Ulikuwapo kweli, kisha ukapoa. Nao hupozwa polepole ndani ya tanuri, kwa saa nyingi. Sisi tuliolelewa kwa mwanga wa taa ya chemni tunajua kinachotokea tone la maji baridi linapoangukia kioo cha moto.

Wenzake waliushika mrija, naye akasimama kando, akichora alichotaka na kuelekeza. Alipata kusema baadaye kwamba, alipokwisha kurudi nyuma, alipendezwa na alichokiona kutoka pale.

Hapa tuwe waangalifu. Wapo watakaosema kwamba Mungu alilitegua bega lile ili vyombo vile vizaliwe. Sisi hatusemi hivyo. Maneno ya namna hiyo yamewatesa wagonjwa wengi. Jicho lilikuwa hasara, na bega lilikuwa hasara. Tunalolitazama ni dogo zaidi, nalo ni siku ile ya kumkabidhi mwenzako mrija. Siku hiyo imewafikia wengi wetu: mshonaji asiyeliona tena tundu la sindano, mama aliyepooza upande mmoja, ambaye sasa binti yake ndiye anayesonga ugali, tena anausonga vibaya, naye anatazama. Kuutazama mkono wa mwingine ukifanya kazi yako ni uchungu ambao hatuuzungumzii vya kutosha kanisani, ingawa Bwana alimtabiria Petro uzee wa kufungwa mshipi na mkono wa mwingine.

Nawe binti uliyeshika mwiko, tunakuomba neno moja. Usimwambie mama apumzike tu. Mwulize kama maji yamechemka vya kutosha, kama unga umetosha, na ungoje jibu lake hata likichelewa kwa ulimi mzito.

Mwaka 1995, huko Nuutajärvi nchini Finland, Chihuly alivitupa vioo vyake mtoni aone kama vitaelea. Vilielea, vikachukuliwa na mkondo, na vijana wa pale wakaingia katika mashua za mbao wakaenda kuvikusanya kimoja kimoja.

Tuwaombee asubuhi hii wote waliokabidhi mrija bila kupenda, na wale walioupokea kabla hawajawa tayari. Ee Bwana, uwasikie. Amina.