Utamu wa Embe Huwekwa Mtini

Leo tuzungumze juu ya maembe, na hasa juu ya yule mnunuzi anayefika shambani kabla ya wakati, noti mkononi, akisema: "Tuchume tu, mzee, yataivia njiani."

Je, yataiva? Rangi inaweza kugeuka. Utamu ni jambo jingine.

Embe likiwa mtini hupokea sukari kutoka kwenye majani, na sehemu yake huiweka akiba kama wanga, kama ule wa muhogo. Wakati huo lina asidi nyingi, ileile iliyomo ndani ya limau. Ndiyo maana embe bichi tunalila kwa chumvi na pilipili. Likianza kuiva, hewa iitwayo ethilini hutoka ndani ya tunda lenyewe na kuamsha vimeng'enya. Vimeng'enya si vitu vigeni. Tafuna ugali mkavu kwa muda bila kumeza, utasikia utamu: ni kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga kuwa sukari. Ndani ya embe ni kazi hiyohiyo. Vingine hulegeza nyama ya tunda, asidi nayo hupungua, na harufu inajaa nyumba nzima.

Sasa basi, pasipo wanga wa kutosha vimeng'enya vitageuza nini? Embe changa ukilivundika litasinyaa tu, ngozi njano, ndani chachu. Na ile kabaidi ya mafundi wa kuchomelea vyuma msiiguse kabisa. Huharakisha rangi, haiongezi akiba, tena huweza kuwa na chembe za sumu ya aseniki.

Kupevuka na kuiva ni mambo mawili. Embe lililopevuka, hata likiwa bado gumu na la kijani, lichume bila wasiwasi, litaivia nyumbani. (Nanasi na chungwa si hivyo, hayana akiba ya wanga, kwa hiyo hayaongezi utamu baada ya kuchumwa.) Utalijuaje? Mabega yake yamejaa kuzunguka kikonyo. Pasua moja: kokwa ni gumu, na nyama iliyo karibu nalo imeanza unjano. Au tia machache ndani ya ndoo ya maji. Yaliyopevuka kwa kawaida huzama, machanga huelea.

Najua shida za nyumbani hazingoji msimu. Lakini mlaji aliyeuziwa embe chachu hatauliza tena maembe ya kwenu. Basi mnunuzi akija, mwekee ndoo mbele yake. Yakielea, mwambie arudi baada ya majuma mawili, mpime tena.

Juma lijalo tutazungumza juu ya nzi wa matunda.