Swichi, Fremu na Baiti Nne za Mwisho

Fremu ya Ethaneti hupangwa kwa utaratibu maalumu. Mbele kuna anwani ya MAC ya mpokeaji, baiti 6, kisha ya mtumaji, baiti 6 pia. Hufuata baiti 2 za aina ya data, data yenyewe kati ya baiti 46 na 1,500, na mwishoni baiti 4 za ukaguzi. Kwa hiyo fremu ya kawaida haipungui baiti 64 wala haizidi 1,518. Anwani iko kichwani, kipimo cha usalama wa fremu kiko mkiani. Tabia nyingi za swichi zinatokana na mpangilio huo.

Kompyuta iliyo kwenye poti ya 3 inapotuma fremu kwa printa iliyo poti ya 7, swichi husoma kwanza anwani ya mtumaji na kuiandika katika jedwali lake pamoja na namba ya poti. Ikiwa printa haijajulikana, fremu hutolewa kwenye poti zote isipokuwa ya 3. Printa ikijibu, nayo huandikwa, na tangu hapo fremu zao hupita poti hizo mbili tu. Anwani isiyosikika kwa muda, kwa kawaida sekunde 300, hufutwa.

Baiti za ukaguzi hupatikana kwa hesabu iitwayo CRC, iliyobuniwa na W. Wesley Peterson wa Marekani mwaka 1961. Biti za fremu huchukuliwa kama namba moja ndefu, hugawanywa kwa kigawanyo kilichokubaliwa, na baki lake la biti 32 huambatishwa. Anayepokea hurudia hesabu. Majibu yakipishana, fremu imeharibika. Mfululizo wa makosa usiozidi biti 32 hauponyoki kamwe. Uharibifu mkubwa zaidi hupenya takribani mara moja katika bilioni 4.

Swichi inayohifadhi fremu nzima kabla ya kuituma huweza kuikagua na kuitupa ikiwa mbovu. Gharama yake ni muda: fremu ya baiti 1,518 huchukua mikrosekunde 121 kuingia kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, na 12 kwa gigabiti 1. Swichi ya kampuni ya Kalpana, iliyotoka mwaka 1990, ilianza kutuma mara tu ilipokwisha kusoma anwani ya mpokeaji. Njia hiyo hupunguza ucheleweshaji, lakini kosa linapogunduliwa, sehemu kubwa ya fremu imekwisha kuondoka.

Swichi hairekebishi kosa wala haimwarifu mtumaji. Data iliyopotea hutumwa upya na itifaki za juu kama TCP. Kinachobaki kwenye swichi ni hesabu ya makosa ya kila poti, nayo ikipanda, fundi hukagua kebo na kichwa chake. Pale swichi zinapotuma bila kusubiri ukaguzi, fremu moja mbovu huweza kuhesabiwa na kila swichi njiani. Hitilafu hutafutwa kwa kurudi nyuma hadi poti ya kwanza iliyoiona.